Nuru na Sumaku: Nani Mshenga Wao?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, nami nina swali ambalo limezua ubishi usio haba katika mabweni yetu: je, nuru na sumaku hujuana?

Ukitaka kuuanzisha ubishi huo mwenyewe, chukua tochi umulike ukuta gizani, kisha sogeza sumaku ya spika kuukuu kando ya ule mwanga. Utangoja wee! Mwanga hautapinda hata kidogo. Vitabu vyetu navyo vimeweka nuru katika sura yake na sumaku katika sura yake, utadhani ni majirani waliokosana. Basi wengi wetu hukata shauri kwamba hakuna uhusiano wowote. Mimi nasema uhusiano upo, ila si hewani. Upo ndani ya madini fulani, na kuna mshenga anayeziunganisha pande hizo mbili.

Ninayo sababu nyingine ya kushika kalamu. Chama chetu kilipojadili hoja kwamba sayansi ya kina haisemeki kwa Kiswahili, sisi tulioipinga hoja tulishindwa kwa kura. Msemaji mmoja wa upande wa pili alisimama akanena, "Hebu nieleze atomu kwa Kiswahili nikuone!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Haya basi, nimekuja na atomu, na zaidi ya atomu. Wewe msomaji ndiwe hakimu.

SUMAKU ILIYO CHINI YA MIGUU YETU

Sisi tunaoishi Nyeri, Karatina, Naro Moru, Nanyuki na Chogoria tunakanyaga sumaku kila siku. Mvua kubwa ikisha kunyesha, tazama mchanga unaobaki katika mitaro ya barabarani. Uanike ukauke, kisha ufunge sumaku kwa karatasi na kuipitisha juu yake. Utaona chembe nyeusi zikirukia karatasi kama kumbikumbi wanaofuata taa. Nyingi ya chembe hizo ni magnetaiti, madini ya chuma na oksijeni. Asili yake ni mawe ya volkeno ambayo Mlima Kenya uliyatapika karibu miaka milioni 3 iliyopita.

Kwa nini chembe hizo zivutwe hivyo? Ndani ya kila atomu mna elektroni, na kila elektroni ina tabia iitwayo spini. Spini huifanya elektroni iwe kama sumaku ndogo mno, yenye ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Katika vitu vingi, kama vile mbao na kioo, spini hukaa mbili mbili zikielekea kinyume, na kila moja huifuta nguvu ya mwenzake. Katika chuma na baadhi ya madini yake, spini kadhaa hubaki bila jozi. Hizo hushikamana na jirani zao na kujipanga kwa utaratibu, kama wanafunzi gwarideni.

Lava ikiwa moto sana gwaride halipo, kila spini inatazama kwake. Magnetaiti ikipoa kupita nyuzi 580 za Selsiasi, spini huanza kujipanga, na uga wa sumaku wa dunia huzipa mwelekeo. Jiwe likisha kupoa, mwelekeo huo hubaki humo. Wanasayansi wamekuja kuusoma hapa hapa kwetu. Mwaka 2010 kundi la Neil Opdyke wa Marekani, ambamo alikuwamo J. P. Patel wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilichapisha vipimo vya sumaku ya lava za Kenya, zikiwemo za eneo la Mlima Kenya. Kwa hiyo jiwe unalolikalia ukingoja matatu huenda linakumbuka kaskazini ya zama ambazo binadamu hajawa binadamu.

PIA NA SHAMBA LA NGANO

Je, spini zikisha kujipanga hutulia tuli? La, hasha! Mkumbuke mtoto anayechezea pia. Pia inayozunguka ikiinama haianguki papo hapo. Kichwa chake huzunguka polepole kikichora duara hewani. Spini nayo ni hivyo hivyo. Ukiiinamisha kidogo ndani ya uga wa sumaku, ncha yake huchora duara. Uga ukiwa na nguvu zaidi, duara nalo huenda mbio zaidi. Kwa kila tesla 1 ya uga, spini ya elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde. Uga wa dunia hapa Nyeri ni dhaifu sana, lakini hata huo ungeizungusha spini iliyo huru karibu mara milioni moja kwa sekunde.

Sasa, kwa kuwa spini zimeshikamana, moja ikiinama ile ya pili haiwezi kukaa kimya. Inavutwa, nayo inaivuta ya tatu, na ya tatu inaivuta ya nne. Aliyepita Timau ngano ikiwa imekomaa anajua ninalosema. Upepo ukivuma, wimbi hukimbia kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, ilhali kila bua limebaki na mizizi yake pale pale. Hilo ndilo wimbi la spini. Hakuna atomu inayosafiri. Kinachosafiri ni kule kuinama.

Mwaka 1930 Felix Bloch alionyesha kwamba joto pekee linatosha kuyaamsha mawimbi hayo. Jiwe limewekwa mezani, hakuna aliyeligusa, kumbe ndani mwake mawimbi ya spini yanakimbia huku na huko. Ukilipasha moto, mawimbi huzidi, gwaride hulegea na sumaku hupungua nguvu. Ukiendelea kulipasha, gwaride litavunjika kabisa, na hapo tumerudi kwenye lava.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la lazima. Nishati ya wimbi haigawanyiki utakavyo. Huja vipande vizima vizima kama sarafu. Kipande kimoja cha wimbi la spini huitwa magnoni, na kipande kimoja cha nuru huitwa fotoni. Tafadhali yashike majina hayo mawili, maana hao ndio wachumba wetu.

NURU INA HARAKA MNO

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: nuru si ni wimbi la umeme na sumaku? Mbona basi sumaku iliyomo katika nuru isizisukume spini moja kwa moja? Swali zuri. Jibu ni kwamba nuru ina haraka mno.

Nuru inayotumiwa katika nyaya za faiba, ambayo ni ya infraredi na macho hayaioni, hutetema mara trilioni 193 kwa sekunde. Wimbi la spini linalochunguzwa maabarani hutetema, tuseme, mara bilioni 10. Yaani spini ikizunguka mara moja tu, nuru imekwisha kutetema mara 19,300. Fikiria mtoto aliye kwenye bembea. Ukimsukuma mbele na kumvuta nyuma mara 19,300 kabla bembea haijaenda na kurudi mara moja, atasogea kweli? Atakaa pale pale akikushangaa.

Ndipo anapohitajika mshenga. Mshenga wetu ni mwendo wa elektroni ndani ya atomu. Nuru ina umeme, na umeme huo huutikisa mwendo wa elektroni bila taabu, kwa sababu elektroni ni nyepesi na ina chaji. Mwendo huo nao umefungamana na spini ya elektroni hiyo hiyo. Spini zikielekea huku, elektroni huiitikia nuru kwa namna moja. Zikigeuka, huiitikia kwa namna nyingine. Nuru na spini hazisemezani ana kwa ana. Ujumbe hupitia kwa mshenga.

Wa kwanza kuona dalili ya mambo haya alikuwa Mwingereza Michael Faraday, mwezi wa Septemba mwaka 1845. Ili umwelewe, funga kamba mlangoni uitikise. Unaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia. Nuru pia hutetema kwa upande fulani. Faraday aliipitisha nuru inayotetema upande mmoja katika kioo kizito chenye madini ya risasi, kilichowekwa kwenye sumaku ya umeme yenye nguvu. Ilipotoka, upande wa mtetemo wake ulikuwa umegeuka. Haikupinda njia, bali iligeuka ubavu. Katika kioo kile mgeuko ulikuwa mdogo. Katika baadhi ya madini ambamo spini zimejipanga, mgeuko huwa mkubwa zaidi, kwa kuwa mshenga anasikilizwa na spini nyingi zenye sauti moja.

Usidhani haya ni mambo ya makumbusho. Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na tangu hapo habari nyingi zinazofika Nyeri kutoka ng'ambo husafiri zikiwa nuru. Nuru hiyo hutoka katika leza, na leza huvurugika nuru yake ikiirudia. Kwa hiyo mbele ya leza nyingi za faiba huwekwa kipande cha fuwele ya sumaku katikati ya vichujio viwili. Nuru ikienda mbele, fuwele huigeuza ubavu nyuzi 45, ikapita. Ikijaribu kurudi, haigeuzwi kurudi ilivyokuwa. Huongezewa nyuzi 45 nyingine kwa upande ule ule, jumla 90, na kichujio kinaifungia nje. Ni mlango wa njia moja, na bawabu wake ni sumaku.

GANETI, NDUGU YA KITO CHA TSAVO

Fuwele ya namna hiyo ni ya ukoo wa ganeti. Ukoo huo si mgeni Kenya. Tsavoraiti, kito cha kijani kinachochimbwa Taita, kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974, ni ganeti. Lakini tsavoraiti si sumaku. Ganeti ya sumaku ninayoisimulia hutengenezwa maabarani kwa itriamu, chuma na oksijeni, nayo ilitambuliwa na Bertaut na Forrat huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1956.

Ramani ya nyumba ni ile ile, wapangaji ndio tofauti. Nyumba ya ganeti ina vyumba vya aina tatu. Katika tsavoraiti, aina ya kwanza imepangwa na kalsiamu, ya pili na alumini, ya tatu na silikoni. Katika ganeti ya sumaku, itriamu imechukua vyumba vya kwanza, halafu chuma kikachukua vyote vilivyobaki. Kwa kila atomu 5 za chuma, 3 huelekeza spini zao upande mmoja na 2 upande wa pili. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba, watu 3 dhidi ya 2, wote wenye nguvu sawa. Nguvu ya sumaku yote inatokana na yule mmoja anayezidi.

Kwa nini wanasayansi waipende hivyo? Kwanza, magnetaiti yetu ya mlimani ni nyeusi na nuru haiipenyi, lakini ganeti hii huipitisha ile nuru ya infraredi ya faiba kama kioo. Pili, wimbi la spini hudumu ndani yake kuliko katika karibu kila sumaku nyingine inayojulikana. Mahali penye nuru na wimbi pamoja ndipo penye mkutano.

HESABU ZA SOKONI

Sasa tufike kwenye kiini. Spini zikiwa zimetulia, ubavu wa nuru hugeuka kwa kiasi kile kile. Wimbi la spini likipita, mgeuko nao hupanda na kushuka pamoja na wimbi. Nuru inayotoka inabeba alama ya wimbi hilo, na alama yenyewe huonekana katika rangi.

Nenda soko la Karatina usimame kando ya mama anayeuza viazi. Pesa zikitoka mfuko mmoja, huingia mfuko mwingine, na jioni hesabu haina budi kulingana. Fotoni na magnoni hufanya biashara kwa sheria hiyo hiyo. Kuna aina mbili za biashara. Katika ya kwanza, fotoni hutoa sehemu ndogo ya nishati yake, na kwa malipo hayo magnoni mpya huzaliwa. Fotoni hutoka imepungukiwa, na rangi yake husogea kidogo kuelekea nyekundu. Katika ya pili, fotoni huikuta magnoni iliyopo na kuimeza. Hutoka imetajirika, na rangi yake husogea kidogo kuelekea buluu. Si nishati tu inayohesabiwa. Msukumo wa mwendo pia hulingana, ndiyo maana fotoni nyingine hubadili njia. Mzunguko wa magnoni nao huhesabiwa, ndiyo maana nuru hiyo kwa kawaida hutoka imegeuka ubavu.

Asiyependa hesabu asikilize barabara. Matatu ikikujia kwa kasi kutoka Kiganjo huku ikipiga honi, sauti huwa nyembamba. Ikikupita na kwenda zake, sauti huwa nene. Vivyo hivyo, nuru ikigonga wimbi la spini linaloijia, mitetemo yake huongezeka. Ikigonga wimbi linaloikimbia, mitetemo hupungua.

Lakini badiliko hilo ni dogo ajabu: bilioni 10 kati ya trilioni 193. Ukiwa na shilingi 19,300 mfukoni, hilo ni badiliko la shilingi moja tu. Jicho haliwezi kuliona, wala mche wa kioo wa maabara yetu. Mwaka 1966 kundi la Paul Fleury, ambamo alikuwamo Mbrazili Sergio Porto, lilifaulu kuiona nuru iliyotawanywa na mawimbi ya spini katika floraidi ya chuma iliyopozwa sana. Mwaka 1973 Sandercock na Wettling waliyaona katika ganeti ya itriamu mawimbi yaliyoamshwa na joto pekee, yale yale aliyoyasema Bloch. Siri ya chombo chao ilikuwa vioo viwili sambamba ambavyo nuru hupitishwa kati yake mara nyingi, hata shilingi moja ile ionekane.

Tangu hapo nuru imekuwa kama kidole cha daktari kwenye mshipa wa mgonjwa. Unaipeleka nuru ndani ya sumaku, unaisoma inavyorudi, na unajua mawimbi ya ndani yanapiga vipi, bila kulivunja jiwe.

FAIDA YAKE NI NINI?

Najua kuna mwenzangu anayesema, "Sawa, lakini tutakula hiyo?" Mwenye njaa ana haki ya kuuliza. Kuna faida inayotafutwa, nami nitaieleza bila kuitia chumvi.

Aina moja ya kompyuta mpya zinazobuniwa, ziitwazo kompyuta za kwanta, hufanya kazi kwenye baridi kali mno, na ishara zake hutetema mara bilioni chache kwa sekunde. Ishara hizo ni dhaifu, na joto la kawaida huzimeza. Haziwezi kusafirishwa kutoka mji hadi mji. Nuru ya faiba inaweza kusafiri, lakini hutetema mara trilioni 193. Nani atatafsiri kati ya lugha hizo mbili? Magnoni! Yeye anaongea na ishara ya kompyuta kwa kasi yake, na kupitia kwa mshenga wetu anaongea pia na nuru.

Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo walionyesha kwamba magnoni inaweza kuunganishwa na kijisehemu cha kompyuta ya kwanta. Mwaka 2016 makundi matatu, la Tokyo, la Yale huko Marekani na la Cambridge huko Uingereza, yalichukua tufe la ganeti lisilozidi kipenyo cha milimita moja, wakaizungusha nuru ndani ya ukingo wake kama magari katika mzunguko wa barabara. Nuru ikipita mara nyingi, nafasi ya kukutana na magnoni huongezeka. Hata hivyo, mwaka huo huo watafiti wa Tokyo walipopima ni kiasi gani cha ishara kilichofika kikiwa nuru, walipata kama sehemu moja kati ya bilioni 10. Moja! Ni kama kupeleka gunia la mahindi sokoni na kufika huna hata punje. Makundi mbalimbali yamekuwa yakijaribu kulipandisha pato hilo kwa fuwele bora na vyombo vidogo zaidi, na kazi haijaisha.

Mimi hilo halinikatishi tamaa, bali linanipa moyo. Kazi ambayo haijaisha ndiyo inayoweza kutungoja sisi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri, na mwaka 2021 kilizinduliwa humo kiwanda cha Semiconductor Technologies, cha kutengeneza vijisehemu vya elektroniki vidogo kuliko unywele. Sisemi wanafanya kazi ya magnoni. Nasema vyumba visivyo na vumbi na watu wanaojua kuvitumia si mambo ya ng'ambo peke yake tena.

Basi kwenu wenzangu mnaojiandaa kuchagua masomo: msiikimbie fizikia kwa kuwa mmesikia ni ngumu. Ni ngumu, sikatai, lakini ugumu wake ni wa nazi, ndani mna tui. Na kwa wale waliotushinda kwa kura, nawaambieni kwa heshima: hapa pana spini, magnoni, fotoni, ganeti na hesabu zao, na Kiswahili kimebeba mzigo wote bila kuchechemea. Maneno mengine tumeyakopa, naam, kama tulivyokopa meza, shule na baiskeli, na hakuna aliyeturudishia deni. Hoja ile iletwe tena mbele ya chama, nasi tupige kura upya.

Sumaku ya spika na mchanga wa mtaroni havina bei. Anayetilia shaka aanzie hapo.